Keneli inagoma kukompaili, inaishia "Error 2" tu, nimechoka wakuu

kengele_mbovu

Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada maana hapa nilipofika kichwa kimeshaganda. Najaribu kukompaili keneli ya Linux (moyo wa mfumo) mwenyewe kutoka kwenye sosi, toleo 5.10.200. Sio kwamba napenda shida, ni kwamba nina kadi ya zamani ya kunasa video ambayo driva yake inakubali 5.10 tu, ukiipeleka kwenye keneli mpya haitaki hata kusikia. Natumia Ubuntu 25.10, kompaila iliyomo ni gcc 15.

Nilichofanya ni hivi, nikashusha sosi nikaifungua, nikakopi config (faili la mipangilio) ya keneli ninayotumia sasa hivi kutoka /boot nikaiita .config, nikapiga `make olddefconfig` halafu `make -j16` (nproc inaniambia nina prosesa 8 nikaona nizidishe mara mbili iende chapchap). RAM ni GB 8.

Mara ya kwanza ilinipigia kelele za cheti:

`No rule to make target 'debian/canonical-certs.pem', needed by 'certs/x509_certificate_list'. Stop.`

Hiyo nikahangaika nayo nikakuta dawa yake ni kuzima SYSTEM_TRUSTED_KEYS, nikazima, ikapita. Nikajiona fundi. Sasa ndo ikaja hii:

```
  CC [M]  fs/xfs/xfs_log.o
  LD [M]  fs/xfs/xfs.o
make: * [Makefile: ... arch/x86] Error 2
```

Basi nikasema kumbe shida ni XFS (mfumo wa mafaili ya diski), mimi hata siitumii, nikaizima yote kwenye config nikaanza upya. Ikaenda wee, ikafia kwenye madriva ya sauti. Nikarudia tena bila kubadilisha kitu chochote, ikafia sehemu nyingine kabisa. Yaani kosa linatembea! Nimesharudia mara nne, kila mara nasubiri kama dakika arobaini halafu naambiwa Error 2. Hiyo Error 2 maana yake nini jamani, na kwa nini inahama?

pigaformat

Mkuu usijichoshe, rudi kwenye toleo la zamani la Ubuntu, piga fomati safi, mambo ya kukompaili keneli siku hizi nani anafanya

kengele_mbovu

@pigaformat mashine ina kazi za watu kaka, siwezi kuifomati kila nikikwama

chuma_chakavu

Kosa linalohama hama mimi najua moja tu, RAM imekufa. Nakwambia kwa uchungu. Niliwahi kuhangaika wiki nzima na laptopu, kompaila inaniambia `internal compiler error: Segmentation fault`, leo kwenye faili hili kesho kwenye lile, nikailaani gcc, nikaiondoa nikaweka nyingine, wapi. Mwisho nikawasha memtest86+ (programu ya kupima RAM) nikaiacha usiku kucha, asubuhi nakuta skrini nyekundu imejaa. Nikachomoa vipande vyote viwili, nikajaribu kimoja kimoja, kimoja kilikuwa safi na kingine kila nikikirudisha kinatema makosa, nikakisugua meno yake na kifutio cha penseli nikakirudisha, hakuna kitu, kilishajifia. Kukompaili mfumo mzima kunaibana RAM na prosesa kwa saa nzima bila kupumua, ndo maana mashine inayofungua brauza vizuri tu inaweza ikaaibika hapo. Cheki pia joto, kama feni imejaa vumbi ni yale yale.

mzee_terminali

@chuma_chakavu ulichosema ni kweli kabisa ila sio hapa. Mgonjwa wako alikuwa anasema "internal compiler error", kompaila yenyewe inadondoka. Huyu hajatuonyesha kosa lolote bado. Someni tena alichobandika, XFS imekompailiwa na imeungwa vizuri, `LD [M] fs/xfs/xfs.o` maana yake kazi imekwisha salama. Ameizima XFS ya watu bure.

@kengele_mbovu "Error 2" sio kosa, ni make (msimamizi anayegawa kazi ya kujenga) anakwambia tu kwamba make mwenzake niliyemtuma chini karudi mikono mitupu. Yule wa chini kabisa, anayemwita gcc moja kwa moja, ndiye huwa anaandika Error 1, na juu ya mstari wake ndipo gcc mwenyewe kasema kilichomuudhi.

Na hilo la kuhama ni hivi. Ukipiga -j16 umewatuma vibarua kumi na sita kwa wakati mmoja. Mmoja akianguka, make anaandika `Waiting for unfinished jobs....` halafu anawasubiri wengine wamalize walichopewa. Sasa kwenye keneli "walichopewa" sio faili moja, ni folda nzima, aliyetumwa drivers/ anaendelea na drivers/ yote mpaka mwisho ndo anarudi. Kwa hiyo kosa linatokea dakika ya tano, skrini inaendelea kutiririka nusu saa nyingine kama hakuna kilichotokea, na mstari wa mwisho unaouona ni wa yule kibarua aliyechelewa kurudi, ambaye hana kosa lolote. Kosa halihami. Mkia ndio unaohama.

Fanya hivi, na usifute chochote kwanza:

`make -j8 2>&1 | tee logi.txt`

ikishafia, tafuta kosa ndani ya logi:

`grep -n -E 'error:|Error 1|Killed' logi.txt | head`

Ile `2>&1` usiiache maana makosa ya gcc yanapita mlango mwingine na hayataingia kwenye faili. Kisha utuletee mistari kama ishirini kuzunguka ile ya kwanza kabisa. Sio ya mwisho. YA KWANZA.

kengele_mbovu

Mzee wangu shikamoo. Nimefanya ulivyosema, na kweli bwana, logi ina mistari elfu kadhaa na kosa liko huko mwanzoni kabisa, mimi nilikuwa naangalia mkiani siku zote. Hii hapa:

```
In file included from ./include/uapi/linux/posix_types.h
                 ...
./include/linux/stddef.h:11:9: error: cannot use keyword 'false' as enumeration constant
   11 |         false   = 0,
      |         ^~~~~
./include/linux/stddef.h:11:9: note: 'false' is a keyword with '-std=c23' onwards
./include/linux/types.h: error: 'bool' cannot be defined via 'typedef'
...  arch/x86/realmode/rm/wakemain.o] Error 1
```

Hapo juu nimefupisha kidogo. Ila sasa naona maajabu, stddef.h si inatumika na kila faili la keneli? Mbona maelfu ya mafaili mengine yamepita na hili la wakemain peke yake ndo linalalamika? Nimelifungua faili lenyewe lina mistari michache tu.

Bi_Semikoloni

Swali zuri sana hilo na jibu lake ni tamu kuliko kosa lenyewe, ngoja nikae vizuri.

Kwanza kosa lenyewe. Kwenye C ya zamani bool, true na false hazikuwa maneno ya lugha, kila mradi ulikuwa unajitengenezea za kwake, na keneli ilijitengenezea za kwake hapo kwenye stddef.h, false ni 0, true ni 1, basi. C23, toleo jipya la lugha ya C, ikaja ikayachukua hayo maneno ikayafanya yake. Na GCC 15 iliyotoka Aprili 2025, usipoiambia unataka C ya mwaka gani, yenyewe inajichukulia gnu23 (yaani C23 na nyongeza za GNU). Ndo ukaona inakwambia huwezi kulitumia neno lake kama jina la kitu chako. Sosi yako haina ubaya, imeandikwa wakati neno lilikuwa bado huru.

Sasa kwa nini wengine wamepita. Makefile kubwa ya juu ya 5.10 inaiambia gcc waziwazi `-std=gnu89`, kwa hiyo mafaili yote yanayopitia njia kuu yanasomwa kwa C ya kizamani na hayajui habari za C23. (Keneli ilihamia gnu11 kwenye 5.18, mwaka 2022.) Lakini vipo vipande vichache vya x86 ambavyo havipiti njia kuu, ile kodi ya realmode inayotembea prosesa ikiwa bado kwenye hali ya biti 16, na ile ya arch/x86/boot/compressed inayofungua keneli iliyobanwa. Hivyo vinahitaji flegi (maagizo kwa kompaila) za peke yake, kwa hiyo Makefile zake zinatupa orodha yote ya flegi kuu na kuandika mpya, na kwenye hiyo mpya waliandika kila kitu wakasahau -std. Miaka yote haikuonekana maana gcc ilikuwa inajichukulia gnu11 au gnu17 na hizo hazina ugomvi na false. Siku gcc ilipobadilisha mazoea yake, pale paliposahauliwa ndo pakavuja.

pigaformat

Si aweke tu KCFLAGS="-std=gnu11" kwenye make yaishe, kwa nini hotuba

Bi_Semikoloni

@pigaformat hotuba ni kwa sababu hiyo haitafanya kazi kaka 😄 KCFLAGS inachomekwa mwishoni mwa orodha kuu, na nimetoka kusema vile vipande vinaitupa orodha kuu yote. Utaandika KCFLAGS mpaka vidole viote sugu, wakemain haitaiona. Halafu mbaya zaidi utakuwa umeibadilishia keneli nzima kutoka gnu89 kwenda gnu11 wakati haikuwa na shida.

Flegi inatakiwa ipande kwenye jina la kompaila lenyewe:

`make CC="gcc -std=gnu11" -j8`

Hapo kila anayeita gcc anaibeba, awe njia kuu au kichochoroni. Na kule kwenye njia kuu -std=gnu89 inakuja baadaye kwenye mstari huo huo, na gcc ikipewa -std mbili inashika ya mwisho, kwa hiyo keneli inaendelea kusomwa kama ilivyokusudiwa na vichochoro vinapata gnu11. Hakuna kinachoumia.

Njia ya pili ni kusakinisha gcc ya umri unaoendana na sosi, mfano gcc-13, na kuandika `make CC=gcc-13 HOSTCC=gcc-13`. Ukichagua hii piga `make clean` na `make olddefconfig` kwanza, maana .config inahifadhi vesheni ya kompaila na baadhi ya chaguo zinawashwa kwa kuangalia hiyo. Kuchanganya vipande vya kompaila mbili kwenye mti mmoja ni kujitafutia usiku mrefu.

Na kabla ya yote, chukua toleo la mwisho la tawi la 5.10 badala ya 5.10.200. Driva yako inataka 5.10, haijali tarakimu ya tatu, na hizo tarakimu za mwisho ndo zinakuja na viraka vya namna hii.

mzee_terminali

Dada kamaliza. Niongeze tu kwamba hii sio mara ya kwanza wala haitakuwa ya mwisho, kila gcc mpya inakuja na ukali wake na sosi ya zamani ndiyo inayochapwa. GCC 10 mwaka 2020 iliacha kuvumilia kigeu kimoja kutangazwa kwenye mafaili mawili, tukaona keneli za zamani zote za vibodi vya ARM zinafia kwenye `multiple definition of 'yylloc'` ndani ya scripts/dtc, watu wakalia kwenye kila kona ya intaneti, kumbe dawa ilikuwa kuongeza neno extern kwenye mstari mmoja. GCC 12 mwaka 2022 ikaanza kukagua matumizi ya kumbukumbu iliyokwisha kuachiwa, zile tools zinazojengwa pamoja na keneli zikafia kwenye subcmd-util.h maana folda ya tools ina -Werror yake, inayogeuza kila onyo kuwa kosa. GCC 14 ikageuza makosa kadhaa ya C yaliyokuwa maonyo miaka yote kuwa makosa kamili, ukiita fanksheni ambayo hujaitangaza huendi popote. Kwa hiyo mimi nikiona mtu anajenga sosi ya miaka mitano nyuma, swali langu la kwanza ni gcc ngapi, la pili ni gcc ngapi.

nyumbu_wa_bsd

Napita tu jamani, sisi wa FreeBSD (mfumo mwingine, sio Linux) tunalala usingizi kwenye hili 😂 kompaila imo ndani ya sosi ile ile ya /usr/src, ukipiga `make buildworld` inaanza kujijengea vifaa vyake vya kujengea halafu ndo inajenga mfumo kwa vifaa hivyo, kwa hiyo sosi na kompaila zinakuwa rika moja. Gharama yake ni kwamba unakompaili clang (hiyo kompaila) nzima na LLVM yake, unaenda kulala unaamka bado. Na usiposoma faili la UPDATING kabla ya kuanza, shauri yako.

kengele_mbovu

Nimerudi wakuu. Nimeshusha toleo la mwisho la 5.10, nikaweka na CC="gcc -std=gnu11" kwa kujihami, wakemain imepita!! Nilitaka kuruka. Halafu baada ya muda:

`gcc: fatal error: Killed signal terminated program cc1`

Safari hii nimegrep kama mtu mzima na hii ndo ya KWANZA mzee, sio ya mkiani. Iko kwenye drivers/gpu/drm/amd. Nani kamuua?

chuma_chakavu

Hapo sasa ndo RAM 😂 ila sio mbovu, imeisha tu

mzee_terminali

Keneli unayotembelea ndiyo iliyomuua. Piga `sudo dmesg | grep -i 'killed process'` utakuta kaandika jina la marehemu, cc1 (sehemu ya gcc inayokompaili C), na kumbukumbu aliyokuwa anakula. GB 8, vibarua wengi, na folda ya amd ina mafaili makubwa kuliko kawaida, wakikutana humo kadhaa kwa pamoja ndo hivyo. Uliacha -j16 au?

kengele_mbovu

Niliirudisha -j16 mzee... nilikuwa na haraka. Na brauza ilikuwa wazi na tabu kama thelathini.

mzee_terminali

Haraka yako ndiyo hiyo imekula dakika arobaini nyingine. Funga brauza, piga -j4. Huna haja ya `make clean`, vilivyokwisha kukompailiwa vimebaki, itaendelea ilipoishia. Na zima taarifa za dibagi, config ya Ubuntu uliyokopi inakuja nazo zimewashwa na hizo ndizo zinazovimbisha kila faili, na mwisho kabisa kwenye kuunganisha vmlinux (keneli yenyewe) zitakula RAM kuliko hiyo amd:

```
scripts/config --disable DEBUG_INFO
make olddefconfig
```

Ukishabadilisha hiyo kubali tu kwamba sehemu kubwa itakompailiwa upya, lakini itakuwa nyepesi. Faida nyingine, hutasumbuliwa na pahole (kifaa kinachotengeneza taarifa za dibagi ziitwazo BTF) ambayo ndiyo yangekuwa kosa lako linalofuata.

Bi_Semikoloni

Kama ile kadi ya video umeshaichomeka, jaribu pia `make localmodconfig`, inaangalia moduli zilizopakiwa saa hizi na kuzima zingine zote, kutoka maelfu unabaki na chache na kazi inaisha haraka mno. Ila chomeka kila kifaa unachotumia kabla, maana kisichokuwepo wakati huo kinakatwa. Mimi niliwahi kukata driva ya flashi, nikawasha keneli mpya nikakuta siwezi kusoma flashi ambayo ndiyo ilikuwa na nakala ya config.

kengele_mbovu

Imemaliza!!! `Kernel: arch/x86/boot/bzImage is ready`, nimeipiga picha skrini. -j4, brauza nimefunga, dibagi nimezima, haikufika hata nusu ya muda niliokuwa natumia. Nikapiga `sudo make install`, nikariboti, nikaichagua kwenye menyu, na imeniacha kwenye skrini nyeusi inasema diski yangu `does not exist. Dropping to a shell!` halafu `(initramfs)` inapepesa tu. Nimerudi kwenye keneli ya zamani ndo naandika hapa. Diski ipo, si ndo hii natumia?

mzee_terminali

Ulipiga `modules_install` kabla ya `install`?

kengele_mbovu

Kabla? Sijaipiga kabisa mzee

mzee_terminali

Haya. `sudo make modules_install` kwanza, halafu ndo `sudo make install`. Hiyo install ndiyo inayotengeneza initramfs (mfumo mdogo wa kuwashia, wenye driva za kuisoma diski), na inaitengeneza kutokana na moduli ilizozikuta /lib/modules. Haikukuta kitu, ikakutengenezea initramfs isiyojua diski ni mnyama gani.

kengele_mbovu

`uname -r` inasema 5.10. Kadi ya video inaonekana, nimejaribu kunasa dakika mbili picha imetoka safi. XFS nairudisha kesho, nimeionea bure.

pigaformat

Ungefomati ungekuwa umemaliza jana

Bi_Semikoloni

@pigaformat 😂😂 nenda kalale